Pumzi ya Mdogo Wangu na Kuku wa Mtani

Jumapili, tarehe 15 Agosti 1976. Upepo wa kusi ulianza kuvuma kabla jua halijatoka, baridi ya kuvalia sweta, na majani ya mikorosho yote yalikuwa mekundu kwa vumbi, maana mvua tulikuwa tumeshaisahau. Nilisimama mlangoni na mswaki mdomoni, nikautazama ule upepo, nikawaza jambo moja tu: vumbi lote hili leo litakwenda wapi? Siku hiyo kwaya yetu ya Mbwawa ilikuwa inakwenda Msimbu, upande wa Kisarawe, kuimba kwenye sikukuu ya mavuno. Aliyepangwa kuanzisha wimbo ni mdogo wangu wa kike, na mdogo wangu alikuwa na pumu.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi kuandika sikufundishwa sana, niliishia darasa la nne, na mara nyingi naanza jambo katikati.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mdogo wangu na mimi. Baba alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa kibarua kwenye mabanda ya kuku pale Kibaha, mdogo wangu alikuwa amemaliza la saba na akawa anasuka mikeka. Pumu ilimshika tangu utotoni. Asiyewahi kumsikia mtu wa pumu afikirie filimbi iliyoingiwa na mchanga, halafu mtu analazimishwa kuipuliza bila kupumzika. Aliposhikwa aliketi ukingoni mwa kitanda, mabega juu karibu na masikio, macho yakitazama mlango kana kwamba hewa ingeingia kwa kupiga hodi.

Mama alikuwa na elimu yake kuhusu jambo hilo. "Pumzi ni kama mafuta ya taa," alisema. "Kila mtu kapewa chupa yake. Huyu kapewa kachupa kadogo." Basi kila kilichotumia pumzi kilikatazwa. Mdogo wangu hakutwanga, hakukimbia, hakuruhusiwa hata kucheka mpaka mwisho, mama alikuwa akimwambia, "Inatosha, inatosha." Kanisani alisimama na kufungua mdomo, lakini sauti haikutoka. Aliimba kwa midomo.

Sitaki nimseme mama vibaya. Ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, akimwona midomo imebadilika rangi, wakati mimi nimelala. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kubana matumizi.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mnyamwezi, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tabora. Sisi ni Wazaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za wapagazi, na mtani anaweza kukutukana hata msibani usikasirike, na akikikuta kitu chako akakitamani, anakichukua. Jumapili moja baada ya ibada mwalimu akamsimamia mdogo wangu.

"Binti, nimekutazama toka wimbo wa kwanza. Unaimba au unatafuna?"

Watu wakacheka. Mdogo wangu akacheka, akakohoa. Mama akafika.

"Mtani, mwache mtoto. Nyinyi mmebeba meno ya tembo kichwani mpaka akili zimebonyea. Huyu ana pumu."

"Si ndiyo maana nataka aimbe?"

"Aimbe afe?"

"Akifa nachimba kaburi mwenyewe, mtani wangu, wala sidai kikombe cha chai. Si kazi yetu hiyo?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini tulipofika nyumbani alisema hapana, na hapana ya mama ilikuwa haina mlango wa nyuma.

Aliyeufungua mlango ni mdogo wangu mwenyewe. Alimwambia mama, "Basi niende nikasikilize tu. Hapa nakaa kama mzigo unaosubiri lori." Jioni mama akasema aende, akae karibu na mlango, na mimi niende naye. Ndivyo nilivyoingia kwenye mazoezi ya kwaya, mimi ambaye sauti yangu ni ya debe tupu.

Wiki ya kwanza tu mwalimu akaniagiza manyoya ya kuku, yale laini ya kifuani, yaliyooshwa. Akampa kila mwimbaji unyoya mmoja, aushike mbele ya mdomo, mkono ukiwa umekunjwa. "Upulizeni upinde," alisema, "na ubaki umepinda. Usicheze, usirudi." Wale wa besi, vifua kama milango ya stoo, walipuliza kama wanazima moto. Manyoya yakaruka, yakatetemeka, na wao wakaishiwa mara moja, wakaanza kusingiziana.

"Wewe umenipulizia wangu!"

"Wako ulikuwa umekufa kabla sijaugusa."

Kwenye benchi la mlangoni, mdogo wangu naye alikuwa ameokota unyoya. Ukapinda. Ukabaki umepinda. Nikahesabu kimoyomoyo nikachoka kuhesabu, bado umepinda. Nilishangaa sana. Mwenye kachupa kadogo mafuta haya anayatoa wapi?

Hapo ndipo udadisi uliponishika mimi, naweza kusema kama pumu ilivyomshika yeye. Nilifuatilia kila alichofundisha mwalimu. Kuvuta kwa pua taratibu, na kinachosogea kiwe fundo la kanga kiunoni, si mabega. "Mabega ni ya kubebea mizigo, waulizeni Wanyamwezi," alisema. Halafu kutoa: "Una uji wa moto kwenye kikombe cha bati, umejaa pomoni. Ukipuliza kwa nguvu utajimwagia. Upoze. Polepole, mdomo mdogo, mpaka hewa iishe yenyewe." Baada ya hapo wimbo, kwanza kwa kufumba mdomo, mmm ya chini inayotikisa mifupa ya pua, ndipo maneno.

Nilijaribu mwenyewe kwenye mabanda. Niliketi juu ya ndoo nikapandisha mabega kama anavyofanya mdogo wangu, nikavuta hewa, nikatoa kidogo tu, nikavuta tena, nikatoa kidogo, nikavuta. Kuku walinitazama kwa jicho moja moja. Mara nikajikuta siwezi kuvuta tena, na si kwamba hewa haipo. Nilikuwa nimejaa. Gunia likishajaa mpunga huongezi, hata kama una njaa ya kuongeza.

Nilimkimbilia mwalimu. "Mwalimu, mwenye pumu hewa inamkosa au inamzidi?"

Akajikuna kichwa. "Ndugu yangu, mimi nafundisha do re mi. Kamuulize daktari."

Tabibu wa zahanati tulikuwa tunamwita daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea, na hakucheka niliposimulia habari za ndoo. Alisema njia za hewa ndani zinabana. Hewa inaingia, inashindwa kutoka, kwa hiyo kuitoa taratibu kunampa mtu nafasi, na pia hofu inapungua. Halafu akaninyooshea kidole. "Lakini sikia. Hayo ni mazoezi, si dawa. Vidonge asiache. Na siku akishindwa kusema sentensi nzima bila kukatika, usimwimbishe. Mlete hapa."

Nilirudi nikamwambia mama. Alisikiliza huku anapepeta mchele. "Kwa hiyo kachupa kamejaa?"

"Ndivyo nilivyoelewa, mama. Huenda nimeelewa vibaya."

"Huenda," akasema.

Mdogo wangu alianza kufanya nyumbani. Kifua kikianza mluzi aliketi, viwiko juu ya magoti, akapoza uji ambao haupo, halafu akaanza ile mmm. Mara nyingine mluzi ulishuka mpaka ukapotea. Mara nyingine haukushuka, na kuna siku tulimkimbiza zahanati na nyimbo zake zote. Tena lazima niseme kwamba katika miezi hiyohiyo panya walitoboa godoro lake la sufi lenye vumbi, mama akalitupa, mdogo wangu akawa analalia mkeka. Na mafiga tulikuwa tumeyahamishia nje pamoja na moshi wake. Nikisema kilichomsaidia ni kuimba, godoro litanishitaki. Mpaka leo sijui kila kimoja kilifanya kiasi gani.

Mwalimu hakuwa na mashaka kama yangu. Alimtoa mdogo wangu kwenye benchi la mlangoni akamweka sauti ya kwanza, na wimbo wa Msimbu ulipochaguliwa, akampa yeye kuanzisha beti.

Mama alikuja mwenyewe kwenye mazoezi. Msimbu ndiko alikozaliwa. "Mtani, unataka ndugu zangu waseme nimemleta mtoto kufia madhabahuni?"

"Hatakufa. Ataimba."

"Basi tuwekeane dau. Akishikwa kule, kwaya basi, asikanyage tena hapa, na wewe unanilipa jogoo. Asiposhikwa, unachukua kuku bandani kwangu."

"Ninayemtaka?"

"Unayemtaka, mwizi wewe."

Wakapeana mikono, watu wakashangilia. Njiani kurudi mdogo wangu akaniambia, "Kaka, mimi nawekewa kuku kama mpira wa miguu. Mimi nataka kuimba tu. Mama akinitoa, narudi kutafuna."



Basi ndiyo Jumapili ile ya upepo. Tulikwenda kwa lori la kijiji. Mama na mdogo wangu walikaa mbele na dereva, vioo vimefungwa, sisi tukakaa nyuma, tukashuka Msimbu tumekuwa rangi moja, Wazaramo kwa Wanyamwezi. Kanisa lilikuwa la udongo na mabati, mlango mmoja mkubwa unaotazama kusini, yaani unautazama upepo. Nililiona hilo nikalinyamazia, maana mlango hauhamishiki.

Kwenye sikukuu ya mavuno watu hawapeleki sadaka mkononi tu. Wanaingia kwa kucheza, mstari mmoja, kila mtu na alicholima: mihogo, nazi, mananasi, kuku waliofungwa miguu, na mbuzi kama yupo. Na desturi ni kwamba kwaya ikishaanza hainyamazi mpaka mtu wa mwisho ameweka chake mbele. Mama alikaa benchi la nyuma, vidonge amevifunga kwenye pindo la kanga, mimi nikakaa ukutani.

Mdogo wangu akaanzisha. Sauti haikuwa kubwa lakini ilikwenda moja kwa moja kama uzi kwenye sindano. Nilisikia mtu nyuma yangu akiuliza, "Huyu si mtoto wa dada yetu, yule mgonjwa?" Kwaya ikaitikia, watu wakaingia wakicheza. Ubeti wa pili vilevile.

Ndipo akaingia mzee mmoja na gunia la sufi kichwani. Msimbu misufi ipo, na mtu hutoa alichovuna, hakukosea lolote. Gunia lilikuwa limechanika nyuma na yeye hakujua. Kusi ikapita mlangoni ikaingiza mkono ndani ya lile tundu, na sufi ikatoka yote kwa pamoja kama manyoya ya banda zima. Ikajaa kanisa. Ikatua kwenye vichwa, kwenye majoho, kwenye ndevu za mchungaji. Watoto wakaishangilia. Mwimbaji mmoja wa besi alifungua mdomo kwa kiitikio akaimeza, akawa anatema huku anaimba.

Niliona mabega ya mdogo wangu yanapanda.

Mama aliyaona pia. Akasimama, akaingia kwenye mstari akimfuata. Lakini mstari ule umejaa watu na mizigo, na mbele yake alikuwa mtu mwenye mbuzi, na mbuzi alikuwa ameamua kulala. Mama akakwama katikati ya kanisa, ameshika pindo la kanga, anaita jina ambalo wimbo ulilifunika.

Ubeti wa tatu ulikuwa wa mdogo wangu kuanza. Hakuanza. Mwalimu akazungusha kidole: rudieni kiitikio. Wakarudia. Akazungusha tena. Mdogo wangu alikuwa ameugeuzia mlango mgongo, kanga puani, ameinama kidogo, mikono juu ya mapaja. Halafu akaiondoa kanga nikauona mdomo wake umekuwa mdogo. Alikuwa anapoza uji. Mwalimu akaanza kupunguza mwendo wa mkono, sijui kwa makusudi au kwa kumtazama yeye. Kiitikio kikawa kinakokota miguu, na kwa kuwa watu hucheza kwa wimbo, nao ikabidi wakokote. Mama mmoja mwenye tenga la mihogo kichwani alibaki na mguu hewani.

"Jamani! Shingo yangu!"

"Cheza polepole, leo Bwana hana haraka!" mwingine akamjibu.

Sijui walirudia mara ngapi. Najua tu kwamba mimi ukutani nilikuwa ninapuliza pamoja naye, mpaka jirani yangu akaniuliza kama nimekula pilipili. Kisha nikaona koo la mdogo wangu linatikisika, mdomo umefumbwa. Ile mmm. Kiitikio kingine kikapita juu yake. Halafu akainua kichwa akaanzisha ubeti wa tatu.

Sitasema uongo: haukuwa mzuri. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, aliimba nusu ya mstari akavuta hewa, nusu ya pili akavuta. Mistari iliyofuata ikaanza kurefuka. Ubeti wa mwisho aliuimba mistari mizima, yenye kikohozi kidogo, lakini mizima.

Wakati huo mbuzi alikuwa amekubali kusimama na mama akasukumwa na mstari mpaka mbele. Alipofika alimpa mwanawe kidonge na kumtazama machoni. Lakini nyuma yake watu walikuwa wanasubiri, na huwezi kufika mbele kwenye mavuno ukarudi bila kuweka kitu. "Shangazi, weka basi tupite," mtu akamwambia. Mama akajitazama. Hakuwa na kitu. Akavua kanga ya juu akaiweka juu ya mananasi.

Baada ya ibada, kama kawaida, mavuno yalinadiwa nje. Kanga ya mama nayo ikanadiwa, na mama kila alipotaja bei ili aikomboe, mwalimu alipandisha.

"Mtani, hiyo ni nguo yangu!"

"Ilikuwa. Sasa ni ya Bwana. Panda bei."

Mimi nilikwenda kwa mdogo wangu. Alikuwa ameketi pembeni ya ukuta, mahali upepo hauleti sufi, amekunywa maji. Kifua bado kilikuwa na mluzi mdogo. Nikakumbuka maneno ya daktari nikamwambia, "Hebu sema kitu. Kirefu."

Akanitazama. "Kaka, lile gunia la sufi limewekwa wapi na nani anaweza kuniazima kiberiti?"

Sentensi nzima, haikukatika. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, na yeye akacheka, mpaka mwisho, hakuna aliyemwambia inatosha.

Tulirudi Mbwawa jua likiwa linashuka. Mwalimu hakwenda kwake. Alitufuata mpaka uani akasimama karibu na banda la kuku akijifanya kutazama mawingu.

"Haya," mama akasema. "Alishikwa."

"Aliimba," mwalimu akasema.

"Alishikwa, mtani, tuliona wote. Tulikubaliana."

"Aliimba beti zote. Tuliona wote."

Wakanigeukia mimi. Mama akasema, "Wewe unayeandika andika kila kitu, sema. Alishikwa au hakushikwa?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya kinu, mikono nyuma. Hakunitazama. Nilijua nikisema hakushikwa, atabaki kwenye kwaya. Lakini alikuwa ameshikwa.

"Alishikwa," nikasema. "Sufi ilimshika, si wimbo, nionavyo mimi, ingawa siwezi kuapa. Na alijitoa mwenyewe kabla kidonge hakijafika. Sijui kama hilo mlilikubaliana. Nadhani hamkulifikiria."

Mwalimu akaguna. Mama akakaa kwenye kigoda, akawa anakunjua kanga yake aliyoikomboa, anatoa sufi iliyonasa, chembe moja moja.

"Miaka yote nimekuwa namfikia," akasema taratibu. "Kila akishikwa, nafika. Leo nimekwama nyuma ya mbuzi." Akatoa chembe nyingine. "Sikufika. Naye hakufa."

 Halafu akainua kichwa.

"Mtani, chukua kuku wako uondoke. Na jogoo wangu ulete, maana alishikwa pia."

"Jogoo wangu yuko Tabora, mtani. Nitamwandikia. Anakuja kwa miguu."

"Mnyamwezi na jogoo wake, wote wapagazi!"

Mwalimu alikuwa ameshaingiza mkono bandani. Alichagua tetea mwekundu, yule yule ambaye asubuhi mama alisema atachinjwa jioni tukirudi, akamkumbatia, akatoka mbio kidogo, maana mtani hakawii. Kutoka barabarani akapaza sauti, "Mazoezi Jumatano!"  Mama hakusema hapana.

Tukabaki watatu uani, hakuna kitoweo. Mama akaenda nyuma ya nyumba akarudi na majani ya muhogo, akayamimina kwenye kinu, akamtazama mdogo wangu.

"Unasubiri nini? Mchi huo hapo."

Mdogo wangu alikuwa hajawahi kutwanga. Alipiga kwa woga, mchi ukawa unagonga ukingo. Mama, kutoka mafigani, bila kugeuka, akamwambia, "Anzisha wimbo, ndiyo mchi utajua njia." Akaanzisha. Mama akaitikia. Mdogo wangu akipiga mara kadhaa anapumzika, anapoza, anaendelea, na mama alikuwa anamsubiri kwenye kiitikio, anakirudia mpaka mwenzake awe tayari.

Jioni ile tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu cha nazi. Kisamvu kilikuwa na vijiti, hakikutwangwa kikalainika. Mama alivitoa mdomoni kimoja kimoja, akavipanga ukingoni mwa sahani, akaomba aongezewe.